Mugumo wa Thika na Swali Ambalo Sikuuliza

Jumamosi huwa nafundisha historia mjini Ruiru, kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la dawa. Ni tuisheni ya kawaida tu: wanafunzi kumi na wawili, wengi wa Kidato cha Tatu, viti vya plastiki, ubao mmoja, na kelele za makanga huko chini wakiita abiria. Wazazi hawalipi ili watoto wao wapende historia. Wanalipa ili wapate alama, na mimi nimezoea kuwauzia alama.

Siku hiyo tulikuwa tunafanya sababu zilizochangia Kenya kupata uhuru. Nilikuwa nimeandika ubaoni kama mwongozo wa kusahihisha unavyotaka: vita vikuu vya pili vya dunia, vyama vya kisiasa, Mau Mau, uhuru wa India mwaka 1947 na wa Ghana mwaka 1957, mikutano ya Lancaster House. Sababu tano, alama tano, twende mbele. Kijana mmoja anayekaa karibu na dirisha, ambaye huwa hasemi mengi, akainua mkono.

"Mwalimu, mbona hujaandika mugumo?"

"Mugumo gani?"

"Ule wa Thika. Cucu yangu aliuona ukianguka."

Darasa likacheka. Nami, niseme ukweli, nikacheka nao kidogo. Nikamwambia, "Hiyo ni hadithi tu. Haina alama." Nikafuta ubao.

Kwa wale ambao hawakulelewa upande huu, hadithi yenyewe ni hii. Zamani, kabla wazungu hawajaingia nchi ya Agikuyu, kulikuwa na mtabiri aliyeitwa Mugo wa Kibiru; wengine humwita Chege wa Kibiru. Alisema watakuja wageni wenye ngozi kama ya chura mweupe, wenye nguo kama mabawa ya kipepeo, na fimbo zinazotema moto. Alisema nyoka wa chuma atatambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Na alisema kuna mugumo mkubwa pale Thika, na siku utakapoanguka, utawala wa wageni hao utakwisha. Inasimuliwa kwamba Waingereza walipousikia utabiri huo waliuzungushia mti ule chuma ili usianguke. Inasimuliwa pia kwamba mwaka 1963 radi iliupiga, ukapasuka na kuanguka, na kabla mwaka haujaisha bendera ya Uingereza ikashushwa. Mpaka leo Thika ina bustani yenye jina la mugumo huo.

Nilikuwa na sababu zangu za kusema "hadithi tu", na sidhani zilikuwa za kijinga. Mtu aliyesomea historia hufundishwa kuuliza maswali fulani kabla hajaamini kitu. Nani anasema? Alisema lini? Alikuwepo? Kuna mwingine asiyemtegemea huyu anayesema vilevile? Jomo Kenyatta aliuandika utabiri wa Mugo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Lakini reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901. Ukiandika mwaka 1938 kwamba mtu alitabiri nyoka wa chuma, msomaji mwenye kichwa kigumu atakuuliza: una uhakika gani kwamba nyoka hakuja kwanza, utabiri ukafuata? Ndivyo ilivyo kwa unabii mwingi duniani. Unang'aa zaidi baada ya jambo kutokea.

Kwa hiyo nilijiona niko sawa. Nilijiona mwanahistoria.

Jumamosi iliyofuata yule kijana hakuja. Wala ya pili yake. Nikampigia mama yake, nikidhani labda ni karo. Mama akacheka kwa aibu. Akasema kijana alimpigia nyanyake simu akamwambia, "Mwalimu amesema wewe unadanganya." Mimi sikusema hivyo. Lakini nikifikiria vizuri, kwani nilisema nini kingine? Mtoto alileta neno la cucu yake mbele ya watu kumi na wawili, nami nikalifuta pamoja na ubao.

"Cucu anasema uende umwone," mama akaniambia. "Anauliza huyo mwalimu alizaliwa mwaka gani."

*

Nikapanda matatu ya Thika Jumapili mchana. Barabara hiyo mnaijua: njia nane, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, na kutoka Ruiru kama hakuna msongamano hukawii. Toll, Juja, Witeithie, umefika. Pembeni kuna mashamba ya kahawa yaliyobaki, na katikati yao mabango ya ploti za kuuza, hamsini kwa mia. Njiani nilikuwa na muda wa kujitetea kichwani. Nikawa napanga namna ya kumweleza mwanamke wa miaka themanini kitu kinachoitwa ushahidi.

Ila kuna mti mwingine ulioingilia hoja yangu.

Ukimwuliza msomaji wa London kuhusu Thika, hatakutajia mugumo. Atakutajia The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley, ile miti yenye maua mekundu kama moto. Huxley alizaliwa mwaka 1907. Wazazi wake walikuja kufungua shamba la kahawa karibu na Thika kabla ya vita vikuu vya kwanza, wakati reli ndiyo kwanza inafika mji huo, naye alikuwa mtoto mdogo. Kitabu kilitoka mwaka 1959. Mwaka 1981 kikawa mfululizo wa televisheni. Nilikisoma chuoni, na nilikinukuu kwenye insha zangu bila wasiwasi wowote kama ushahidi wa maisha ya walowezi.

Hebu sasa tukipitishe kwenye maswali yaleyale. Nani anasema? Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu anayekumbuka alipokuwa na umri wa miaka sita au saba. Alisema lini? Zaidi ya miaka arobaini baadaye, huku Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ikiwa haijaondolewa, na walowezi wakiona ulimwengu wao unaisha. Hata majina aliyabadilisha: wazazi wake ndani ya kitabu wanaitwa Robin na Tilly, na hayo hayakuwa majina yao. Mazungumzo yaliyomo ni marefu, na hakuna mtoto wa miaka sita aliyekuwa akiyaandika.

Sisemi Huxley alidanganya. Aliandika kumbukumbu, na kumbukumbu ndivyo zilivyo. Ninachosema ni kwamba mimi, mzaliwa wa huku, sikuwahi kusimama mbele ya darasa nikasema, "Huxley? Hiyo ni hadithi tu." Wa kwake niliuita ushahidi wenye mapungufu, kisha nikafanya kazi ya kutenganisha mapungufu na ushahidi. Wa cucu nikautupa mzima mzima. Tofauti yao ilikuwa nini? Mmoja ana jalada na mchapishaji. Mwingine ana leso na simu ya kubonyeza.

Nilishuka Thika nikiwa nimenyamaza.

*

Cucu anaishi nje kidogo ya mji. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikapewa kiti, nikapewa chai kabla sijaulizwa chochote. Kijana alikuwepo, amejibanza mlangoni, hataki kuniangalia.

"Mwarimu," cucu akasema, "nimesikia unafundisha vizuri."

Nikaomba msamaha. Nikasema sikukusudia kumwita mwongo. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Umeniuliza nini niliona?"

"La, Cucu."

"Basi niulize."

Nikamwuliza. Akasema, "Mimi sikuuona ukianguka."

Kijana akainua kichwa. "Cucu! Si uliniambia..."

"Nilikwambia nilikuwepo. Kuwepo si kuona. Nilikuwa msichana wa kuolewa, tuko Gatanga, habari ikaja na watu waliotoka sokoni Thika. Nilisikia. Nimekwambia miaka yote, nilisikia. Wewe ndiye umenipa macho."

Nikakumbuka jinsi nilivyopanga kumfundisha mwanamke huyu tofauti ya aliyeona na aliyesikia.

Nikamwuliza kuhusu kile chuma. Akasema alikisikia pia, hakukiona, na kwamba waliosema wamekiona hawakukubaliana kilikuwa cha namna gani. Halafu nikamwuliza lile swali ambalo kwangu lilikuwa ndilo lenyewe: hadithi ya mti aliisikia lini kwa mara ya kwanza? Kabla ya mti kuanguka, au baadaye?

"Kabla."

"Cucu, una hakika? Miaka ni mingi. Wakati mwingine kichwa kinapanga mambo upya."

Hakukasirika. Akanyamaza, akageuza kikombe chake mkononi, nikaona anafanya hesabu.

"Aliyenisimulia ni mama yangu," akasema. "Tulikuwa kwenye kile kijiji cha imajensi. Mama alikuwa anapelekwa kuchimba handaki, anarudi jioni, hatuna unga. Usiku ananong'ona, kwa sababu huwezi kujua nani anasikiliza. Ndipo alipotuambia habari za mti. Na mama tulimzika kabla Kenyatta hajaachiliwa. Sasa wewe niambie, Mwarimu. Angenisimulia lini kama si hapo?"

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Ikiwa mama wa cucu alikuwa kaburini kabla ya tarehe hiyo, basi alichonong'ona usiku alikinong'ona walau miaka miwili kabla ya mti kuanguka. Hakuna profesa aliyewahi kunionyesha namna safi zaidi ya kuipa habari tarehe. Hakutumia kalenda. Alitumia kaburi la mamake na siku ambayo nchi nzima inaikumbuka.

Ndiyo, ni shahidi mmoja. Ndiyo, anakumbuka mambo ya utotoni, kama Huxley. Lakini sasa angalau nilikuwa nafanya kazi yangu. Nilikuwa nauliza.

*

Hapa kuna jambo ambalo nilikuwa nimelichanganya kwa miaka, na ninadhani wengi wetu tunalichanganya. Tunadhani chanzo cha historia kinajibu swali moja tu: je, jambo lilitokea? Kikishindwa swali hilo, tunakitupa. Lakini chanzo kinachoshindwa swali moja kinaweza kuwa shahidi mzuri wa swali jingine. Neno la cucu haliwezi kuthibitisha kwamba Mugo aliona wakati ujao. Haliwezi hata kuthibitisha kile chuma. Lakini kuhusu jambo hili moja lina nguvu kubwa: katika miaka ya hamsini, ndani ya kijiji chenye ulinzi, mwanamke mwenye njaa aliamini kuwa utawala uliokuwa juu yake una mwisho, na akawaambia watoto wake.

Hilo si jambo dogo. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa Kati kutoka mashambani mwao na kuwaweka katika vijiji zaidi ya 800. Wengine walichimba mahandaki, wakawekewa saa za kutotoka nje. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa amri ya mahakama katika Hali ya Hatari. Faili za ofisini zinaweza kukuambia idadi ya vibanda vilivyojengwa. Hazikuambii watu walikuwa wanangojea nini.

Na faili nazo, tuziulize. Wakoloni walipokuwa wanafunga virago, karatasi nyingi walizichoma na nyingine wakazisafirisha Uingereza kimya kimya. Wazee wa Mau Mau walieleza kwa miaka mingi walivyoteswa, na mara nyingi jibu lilikuwa lilelile langu: hadithi tu. Walipofungua kesi London mwaka 2009, upekuzi uliofuata ulifanya serikali ya Uingereza ikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imehifadhi maelfu ya faili mahali panapoitwa Hanslope Park. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, na waziri wake wa mambo ya nje akatamka bungeni kwamba Wakenya waliteswa. Kwa hiyo kuna wakati karatasi ndiyo iliyokuwa imejificha, na mdomo wa mzee ndio uliokuwa unasema kweli.

Hapo ndipo mtu anaweza kurukia upande wa pili akasema, basi tuwaamini wazee na tuachane na vitabu. Hapana. Hilo nalo ni uvivu, ila limevaa nguo ya heshima.

Hadithi ya mugumo ina hatari yake. Ukiisimulia vibaya, uhuru unaletwa na radi. Mti ulianguka, wazungu wakaenda, mwisho. Wako wapi waliopigwa risasi Nairobi Machi 1922 wakidai Harry Thuku atolewe? Wako wapi waliokufa msituni, na waliobaki mashambani wakipeleka chakula? Wako wapi wale wa Pwani, wa Nyanza, wa Ukambani, ambao hawakuwahi kumsikia Mugo? Sababu ya jambo kubwa huwa ni nyuzi nyingi zilizosukwa pamoja, na atakayekuambia ni uzi mmoja mara nyingi anataka kukufunga nao. Wanasiasa wetu wanalijua hili. Kila uchaguzi ukikaribia, husikii mtu akitaja utabiri fulani kwamba ni zamu yake?

Kwa hiyo yule kijana hakuwa sawa kabisa kutaka mugumo uandikwe kama sababu ya sita. Mti haukumfukuza mtu. Lakini mimi ndiye niliyekosea zaidi, maana sikuona kwamba ndani ya sababu ya tatu, "Mau Mau", kulikuwa na watu waliohitaji kitu cha kuwashikilia ili wasikate tamaa. Nilipomwuliza cucu kama mamake aliamini kweli kwamba mti unaweza kuanguka na serikali ikaondoka, aliniangalia kama ninayeuliza swali la mtoto.

"Ukichimba handaki na huna kitu tumboni," akasema, "unatafuta kitu cha kungoja."

Aliponisindikiza hadi langoni aliongeza jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku hiyo. Alisema hakukasirika kwa sababu nilikataa. Hata mumewe, marehemu, hakuamini habari za mti, na waliishi vizuri. "Nilikasirika kwa sababu hukuuliza."

Nimejiuliza tunawiwa nini na watu wanaotusimulia mambo yao. Zamani ningesema heshima, na maana yangu ingekuwa kunyamaza, kuitikia kwa kichwa, kutobishana na mvi. Lakini huko kunyamaza kwangu ni dharau pia. Unamwachia mzee hadithi yake kama unavyomwachia mtoto mwanasesere, kwa sababu hutegemei itakuwa na uzito. Huxley nilimpa uzito: nilimhoji. Cucu naye alistahili kuhojiwa. Alitaka kuhojiwa. Alikuwa na majibu.

*

Kijana alirudi. Jumamosi iliyofuata nilibadilisha somo. Niliwaambia kila mmoja alete hadithi moja kutoka nyumbani, jambo la kabla hajazaliwa, na chini ya kila sentensi aandike mojawapo ya maneno matatu: *aliona*, *alisikia*, *anakisia*. Nikawaambia wasiogope kupiga simu tena kuuliza, "Cucu, hapo ulikuwepo?" Hakuna alama. Wawili walilalamika kwamba hakuna alama.

Wakaleta vitu vya ajabu. Babu aliyefanya kazi ya kuchuma kahawa kwenye shamba ambalo sasa ni mtaa wa nyumba zenye lango na mlinzi. Nyanya aliyekumbuka treni ya Thika. Kijana wetu alileta mugumo, na karibu kila mahali ameandika *alisikia*, isipokuwa sentensi moja: mama akirudi kutoka kwenye handaki, mikono imepasuka. Hapo ameandika *aliona*, akapigia mstari.

Halafu kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakutaka kusoma. Wenzake walipotoka alibaki, akanionyesha karatasi yake. Nyumbani walikuwa wakisema siku zote kwamba guka alikuwa msituni. Alipopiga simu na kuuliza yale maswali yangu, ulikuwepo, uliona, shangazi yake mkubwa alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwambia guka alikuwa homgadi. Shamba wanalolima hadi leo lilipatikana wakati ule, majirani walipokuwa kizuizini.

"Mwalimu, nisome?"

Ningekuwa na jibu rahisi kama ningekuwa naandika insha ya mtihani. Ningesema ukweli ni ukweli. Lakini darasani mle kuna watoto ambao huenda ni wajukuu wa waliokuwa kizuizini, na msichana huyu ana miaka kumi na sita, na guka hayupo ajieleze: alitishwa? Aliogopa njaa? Alipenda cheo? Kuelewa ni kitu gani kilimsukuma mtu si kumwachilia huru, lakini huwezi kumhukumu vizuri kabla hujaelewa, na hatukuwa tumeelewa bado. Swali nililomfundisha kuuliza lilikuwa limeingia nyumbani kwao na kuvunja kitu, na mimi ndiye niliyempa.

Nikamwambia hana deni la kusomea darasa. Nikamwambia pia asiichane.

Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa sketi, akashuka ngazi. Huko chini makanga walikuwa wanaita watu wa Thika.